Mechi zimeisha, presha imebaki: Jinsi mapumziko ya NHL yanavyowatesa mashabiki wa hoki ya barafu

Fainali ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini iliisha Juni 17, 2025. Msimu mpya wa NHL, ligi kubwa kuliko zote katika mchezo huo, ulianza Oktoba 7. Kati ya tarehe hizo mbili hakukuwa na mechi hata moja ya kuhesabu pointi.

Ukidhani mashabiki wamepumzika, hapana. Hii ndiyo miezi ambayo mastaa huhama, mikataba huvunjwa, na timu iliyofika fainali inaweza kurudi Septemba ukaitambua kwa jezi tu.

Kwa sisi tunaoshabikia Edmonton Oilers ya Kanada, mwaka 2025 kulikuwa na swali moja kubwa: Connor McDavid angesaini ama hangesaini?

Kama huufuati mchezo huu, au umeanza juzi baada ya kuona klipu mtandaoni, haya ndiyo yaliyoendelea na sababu ya watu wazima kukosa usingizi wakati barafu imezimwa.

Tulifikaje hapa

NHL ina timu 32. Kati ya hizo, 25 ziko Marekani na 7 Kanada. Hadi msimu wa 2025-26 kila timu ilikuwa ikicheza mechi 82 kuanzia Oktoba hadi Aprili, kisha timu 16 huingia hatua ya mtoano. Kila raundi ya mtoano ni mfululizo wa mechi: anayetangulia kushinda nne anasonga mbele. Mshindi wa mwisho huchukua Kombe la Stanley, lililotolewa mwaka 1892 na Lord Stanley, gavana mkuu wa Kanada wakati huo.

Oilers walipoteza fainali mbili mfululizo, zote mikononi mwa Florida Panthers.

Ile ya 2024 ndiyo iliuma zaidi. Oilers walikuwa nyuma mechi 3-0, wakapambana hadi ikawa 3-3, halafu wakapoteza mechi ya saba 2-1. McDavid alichaguliwa mchezaji bora wa mtoano mzima ingawa timu yake ilishindwa, na hakutoka chumba cha kubadilishia nguo kwenda kupokea tuzo. Mwaka 2025 Panthers hawakutaka mambo mengi. Walimaliza kazi katika mechi ya sita, 5-1, Sam Reinhart akifunga mabao manne peke yake.

Hadi 2025, timu ya mwisho ya Kanada kubeba kombe ilikuwa Montreal Canadiens, mwaka 1993. Nchi iliyoulea mchezo huu ilikuwa haijalishika kombe hilo kwa miaka 32. Mimi sikuwa nimezaliwa.

Juni: vijana wanachaguliwa kwa zamu

Hii tuipitie haraka. Katika NHL, klabu haiwezi kumfuata kijana wa miaka 15 ikamweka kwenye akademia yake jinsi zinavyofanya klabu za soka Ulaya. Kila mwisho wa Juni kuna drafti: timu huchagua vijana kwa zamu, na zile zilizofanya vibaya hupata nafasi nzuri zaidi kupitia bahati nasibu.

Mwaka 2025 New York Islanders walishinda bahati nasibu hiyo wakiwa na uwezekano wa asilimia 3.5 tu, wakamchukua beki Matthew Schaefer mwenye umri wa miaka 17. Kijana hachagui mji. Anaitwa jina, anavaa kofia ya timu, basi.

Julai 1, saa moja jioni

Kwa shabiki wa Afrika Mashariki, NHL ni mchezo wa usiku wa manane. Mechi za fainali zilianza saa tisa usiku kwa saa zetu. Oilers wakicheza nyumbani siku ya kawaida, mara nyingi paki (kile kidude cha raba kinachopigwa kwa magongo) huangushwa saa kumi alfajiri ama baadaye. Unaenda kazini macho yamevimba, na ukiulizwa utaeleza vipi?

Siku moja tu ndiyo hutuhurumia. Soko la wachezaji huru hufunguliwa Julai 1 saa sita mchana kwa saa za New York na Toronto. Hapa kwetu ni saa moja jioni. Unafuatilia ukiwa kwenye matatu.

Mchezaji huru ni yule ambaye mkataba wake umeisha na ana umri au miaka ya kutosha kwenye ligi kuchagua timu yoyote. Hapa ndipo tofauti na dirisha la usajili la soka inapoonekana. Kwenye soka, klabu hununua mchezaji kwa pesa kutoka klabu nyingine. Kwenye NHL ya leo timu hazinunuani wachezaji. Hubadilishana mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa zamu ya kuchagua kwenye drafti ya miaka ijayo.

Stori kubwa ya Julai 2025 ilikuwa Mitch Marner. Ni mtoto wa Markham, jirani kabisa na Toronto, na alichaguliwa na Toronto Maple Leafs mwaka 2015. Msimu wa 2024-25 alipata pointi 102 (mabao na pasi za mabao zikijumlishwa). Leafs walipotolewa na Panthers 6-1 nyumbani katika mechi ya saba, mashabiki walikuwa na hasira, na Marner alikuwa mmoja wa waliobebeshwa lawama.

Akaenda Vegas Golden Knights kwa miaka 8, dola milioni 12 kila mwaka (takriban Ksh bilioni 1.5).

Angalia ujanja uliotumika. Kanuni ya wakati huo ilisema timu yako ya sasa inaweza kukupa mkataba wa hadi miaka 8, lakini timu mpya mwisho wake ni miaka 7. Kwa hivyo Toronto walimsainisha ule wa miaka 8 kisha hapo hapo wakamkabidhi kwa Vegas, wao wakapewa Nicolas Roy. Marner akapata mwaka wa ziada, Toronto wakapata angalau kitu, badala ya kubaki mikono mitupu. Leafs hawajashinda kombe tangu 1967, na sasa kijana wao wa nyumbani anavaa jezi ya jangwani.

Kikomo cha mishahara, chanzo cha vilio vyote

Kama utasoma sehemu moja tu ya makala hii, iwe hii.

Kila timu ya NHL ina kiwango cha juu ambacho mishahara ya wachezaji wake haiwezi kupita. Msimu wa 2025-26 kilikuwa dola milioni 95.5 (takriban Ksh bilioni 12.3). Tajiri awe na visima vya mafuta au asiwe navyo, hawezi kuzidisha. Hakuna Manchester City wala PSG hapa. Ligi ilitangaza kikomo kitapanda hadi milioni 104 msimu unaofuata huo, na milioni 113.5 baada ya hapo.

Lengo ni usawa, na kwa kweli usawa upo: timu mbovu inaweza kuwa tishio ndani ya miaka mitatu. Shida ni kwamba kikomo humwadhibu anayefanikiwa. Ukishinda, wachezaji wako wote wanapanda bei kwa wakati mmoja, na huwezi kuwalipa wote.

Chukua Oilers. Wachezaji wanne tu, hesabu yao msimu wa 2025-26 ilikuwa hii: Leon Draisaitl milioni 14, McDavid 12.5, Evan Bouchard 10.5, Darnell Nurse 9.25. Jumla ni dola milioni 46.25. Hiyo ni karibu nusu ya pesa zote, kwa watu wanne, na kikosi kinaweza kuwa na watu 23.

Waliobaki 19 wanagawana kama milioni 49, yaani wastani wa milioni 2.6 hivi kwa kila mmoja. Kwa bei za sasa, kipa mzuri peke yake anaweza kumeza sehemu kubwa ya hiyo.

Ndiyo maana wiki mbili tu baada ya fainali kikosi kilikuwa kimeanza kumeguka. Evander Kane alipelekwa Vancouver kwa zamu moja ya raundi ya nne kwenye drafti. Viktor Arvidsson akatumwa Boston. Connor Brown akaenda New Jersey. Na Corey Perry, mzee wa miaka 40 aliyefunga mabao 10 kwenye mtoano, akaondoka kwenda Los Angeles Kings. Huyu Perry ana bahati ya ajabu: ndani ya misimu sita amefika fainali tano na timu nne tofauti, akapoteza zote tano. Ukimwona amesaini kwenu, furahi kwanza, halafu ogopa.

Hakuna aliyefukuzwa kwa sababu ya kucheza vibaya tu. Wengi wao ni hesabu iliyokataa.

Na hii stori ya kodi?

Ungeingia kwenye mjadala wowote wa mashabiki wa Kanada Julai 2025 ungekutana nayo. Florida, Texas, Nevada na Tennessee hazitozi kodi ya mapato ya jimbo. Mchezaji wa Panthers analipa kodi ya serikali kuu ya Marekani, ambayo kiwango chake cha juu ni asilimia 37. Mwenzake wa Toronto, kwa sehemu kubwa ya mshahara wake, anakatwa zaidi ya asilimia 53. Edmonton ni asilimia 48.

Maana yake ni kwamba dola milioni 8 za Florida na dola milioni 8 za Toronto si kitu kimoja, ingawa kwenye kikomo cha mishahara zinahesabiwa sawasawa. Mabingwa sita wa mwisho hadi 2025 ni Tampa Bay mara mbili, Colorado, Vegas, na Panthers mara mbili. Watano kati ya sita wanatoka majimbo yasiyo na kodi hiyo. Na katika mapumziko ya 2025 Panthers walifanikiwa kuwabakisha Sam Bennett, Aaron Ekblad na Brad Marchand, wote kwa bei ambayo mashabiki wa timu nyingine wanaona ni ya kirafiki.

Mimi malalamiko haya nayaelewa, ila siyanunui yote. Wachezaji hutozwa kodi pia kulingana na mahali wanapochezea mechi za ugenini, kwa hivyo pengo si kubwa kama watu wanavyopiga hesabu kwenye kikokotoo cha simu. Halafu kuna jambo moja ambalo halitajwi: Florida haikuwa na kodi ya jimbo hata miaka ile Panthers walipokuwa kichekesho. Kuanzia 1996 hadi 2022 hawakushinda raundi hata moja ya mtoano. Jua lilikuwepo, bahari ilikuwepo, kodi haikuwepo, na wachezaji hawakuwa wakikimbilia huko. Kilichobadilika ni uongozi uliojua kuchagua watu. Kodi inasaidia kumbakiza mchezaji kwenye timu nzuri. Kuijenga timu yenyewe ni kazi nyingine.

Kwa nini Edmonton inaiogopa Agosti

Agosti kwa kawaida ni mwezi mkavu. Soko limetulia, wachezaji wako likizo, waandishi wanaandika makala za kuorodhesha makipa. Edmonton peke yake ndiyo haitulii, na ina sababu.

Agosti 9, 1988, Oilers walimuuza Wayne Gretzky kwa Los Angeles Kings. Huyu ndiye aliyekuwa mchezaji bora duniani, miaka 27, amebeba kombe la nne na Edmonton mwezi Mei mwaka huo huo, na amefunga ndoa Julai katika mji huo. Kings walitoa wachezaji wawili, zamu tatu za raundi ya kwanza kwenye drafti, na dola milioni 15 taslimu. Mbunge mmoja wa Kanada aliitaka serikali iingilie kati izuie. Oilers walibeba kombe tena bila yeye mwaka 1990, na tangu hapo hawajabeba tena. Kwa watu wa Edmonton hii si historia ya vitabuni. Ni msiba ambao tarehe yake wanaikumbuka.

Na mwaka 2024, Agosti tena, wakapigwa kwa njia nyingine.

Kuna kundi la wachezaji vijana ambao mkataba umeisha lakini hawako huru kabisa: timu yao bado ina haki ya kwanza. Timu nyingine inaweza kumpelekea kijana kama huyo ofa rasmi. Akiisaini, timu yake ina siku saba za kuamua: ilipe pesa hizo hizo na kumbakisha, au imwachie na kupewa fidia ya zamu za drafti. Ni silaha ambayo viongozi wa timu huiona kama utovu wa adabu, hivyo hutumika mara chache.

St. Louis Blues waliitumia mara mbili kwa siku moja. Waliona Oilers wamejaza kikomo hadi juu, wakawapelekea ofa beki Philip Broberg na mshambuliaji Dylan Holloway, kila moja ikiwa juu kidogo ya kile ambacho Edmonton wangeweza kumeza. Oilers wakashindwa kulipa. Wakapata zamu ya raundi ya pili na ya raundi ya tatu. Holloway akaenda kufunga mabao 26 msimu huo huo. Mwezi Juni 2025, Oilers walipokuwa wanatafuta miguu mipya kwenye fainali, kila shabiki alikuwa anamfikiria kijana huyo.

Sasa, McDavid

Turudi kwenye swali letu. Mkataba wa McDavid wa miaka 8 na dola milioni 100 ulikuwa unaisha mwisho wa msimu wa 2025-26. Tangu Julai 1, 2025 aliruhusiwa kusaini nyongeza. Hadi Agosti 2025 hakuwa amesaini.

Rekodi yake hadi wakati huo ilikuwa hii: mchezaji bora wa ligi mara tatu, mwenye pointi nyingi kuliko wote mara tano. Kombe, sifuri. Alikuwa na miaka 28.

Kanuni inasema mchezaji mmoja hawezi kulipwa zaidi ya asilimia 20 ya kikomo. Kwa kikomo cha 2025-26, hiyo ilikuwa dola milioni 19.1 kwa mwaka. Hakuna mtu anayeweza kusema hastahili. Lakini hapo ndipo hesabu inapomgeukia yeye mwenyewe: kila milioni anayoongezewa ni milioni inayotoka kwa winga wa mstari wa pili, au kwa kipa ambaye timu imemtafuta muda mrefu. Akichukua pesa zote anazostahili, anapunguza nafasi yake ya kupata kitu ambacho amekikosa. Akichukua kidogo, chama cha wachezaji hakitafurahi, maana bei yake ndiyo hupandisha bei za wengine wote.

Mashabiki wengi walisema asaini miaka 8 tulale. Mimi niliona mkataba mfupi, wa miaka miwili au mitatu, ndio wenye akili kwa upande wake. Kikomo kilikuwa kinapanda kwa kasi, hivyo angesaini tena wakati pesa ni nyingi zaidi. Pia ungewaweka viongozi wa Oilers kwenye moto: jengeni timu sasa, ama mjue ninaondoka. Kwa roho ya shabiki ni mateso, lakini miaka kumi ya huyu jamaa ilikuwa imeshatumika na kabati bado lilikuwa tupu.

Kulikuwa na jingine lililosukuma saa. Ligi na wachezaji walikubaliana mkataba mpya wa pamoja wa kuanza Septemba 2026. Mkataba huo unapandisha mechi kutoka 82 hadi 84, na unashusha muda wa juu wa mkataba wa mchezaji: miaka 7 kwa timu yako, 6 kwa timu mpya. Aliyetaka miaka 8 alipaswa kuitafuta kabla ya hapo.

Si pesa tu

Kombe lenyewe wakati wa mapumziko huwa safarini. Kila mchezaji wa timu bingwa hupewa siku yake ya kukaa nalo, desturi iliyoanza 1995. Wanalipeleka vijijini kwao, wanalia nafaka za asubuhi, watoto wanakalishwa ndani yake. Lina kilo zaidi ya 15 na linasindikizwa na mlinzi wake kila liendapo, na bado mwaka 2025 Panthers waliweza kulipasua bakuli la juu siku moja tu baada ya kulitwaa.

Mapumziko ya 2024 yalimalizika kwa huzuni. Agosti 29, 2024, Johnny Gaudreau wa Columbus Blue Jackets, miaka 31, na mdogo wake Matthew, miaka 29, waligongwa na gari wakiendesha baiskeli New Jersey na kufariki wote wawili. Kesho yake ilikuwa harusi ya dada yao. Mashabiki waliokuwa wakigombana mitandaoni kuhusu mikataba walinyamaza siku ile.

Na Kenya je?

Ipo. Kenya Ice Lions walijifunzia kwenye uwanja mdogo wa barafu katika hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa jijini Nairobi. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada na kampuni moja ya kahawa, na huko Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mastaa wakubwa wa NHL, wakavaa jezi za Kenya na kucheza upande wao. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa IIHF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu.

Kambi za mazoezi za NHL zilifunguliwa katikati ya Septemba 2025. Februari 2026 ligi ilisimama ili mastaa waende Olimpiki ya Milano, mara ya kwanza kwao tangu 2014. Katika mapumziko yale, McDavid angeweza kusaini siku yoyote. Kama hangesaini, timu zote zingeruhusiwa kumpigia simu Julai 1, 2026, saa moja jioni kwa saa zetu.